Jengo na bustani yake: namna ya kutafiti historia yake na kuifundisha

Uso wa mbele wa Pantheon, hekalu la kale jijini Roma, una maandishi makubwa yanayosema kwamba Agrippa ndiye aliyejenga, alipokuwa konsuli (cheo cha juu serikalini) kwa mara ya tatu, yaani mwaka 27 KK. Herufi zake zinasomeka kutoka mbali uwanjani, nazo hazisemi kweli kuhusu jengo linaloonekana leo. Kuta zilipochunguzwa mwaka 1892, mihuri iliyopigwa kwenye matofali kabla hayajachomwa ilionyesha kwamba jengo hili ni la mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Lile la Agrippa lilishaungua, na mfalme Hadrian alipokamilisha jipya akaliachia jina la mjenzi wa kwanza.

Utafiti wa historia ya usanifu, wa majengo na wa mandhari, ni kazi ya kupambanisha ushahidi wa namna hiyo: maandishi dhidi ya tofali, ramani dhidi ya ardhi, simulizi dhidi ya kipimo. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mwanafunzi wa shahada au mtafiti anayetaka kuchukua jengo moja pamoja na ardhi inayolizunguka, alitafiti kwa namna inayoweza kukaguliwa na mwingine, kisha aingie nalo darasani.

Swali kwanza

"Historia ya jengo fulani" si swali. Swali zuri ni lile ambalo ushahidi unaweza kulijibu kwa "hapana". Kwa mfano: je, safu hii ya miti ilipandwa kabla ya ubawa wa magharibi kujengwa, au baada yake? Je, ukumbi ulikuwa na dari ya mbao kabla ya kuwekewa tao? Swali la aina hii linakuonyesha lipimwe nini na zitafutwe nyaraka zipi.

Kwa jengo la ukubwa wa wastani lenye ardhi ya hekta moja au mbili, tenga siku nne za kupima ukiwa na watu watatu, kisha angalau mara mbili ya muda huo kwenye hifadhi za nyaraka. Wengi hutenga kinyume chake. Matokeo yake ni michoro mizuri iliyoambatana na tarehe zilizookotwa kwenye kipeperushi cha watalii.

Lisome jengo kabla ya kusoma habari zake

Anza kwenye jengo lenyewe, ukiwa bado hujasoma chochote. Ukishaambiwa kwamba ukuta ni wa karne fulani, jicho litaona karne hiyo hata pasipo na dalili yake.

Zunguka nje mara moja bila kuandika. Zunguka tena ukitafuta viungo. Kiungo wima kinachopanda moja kwa moja kutoka chini hadi juu, bila mawe ya upande mmoja kuingia upande wa pili, ni dalili kwamba kuta mbili zilijengwa nyakati tofauti. Kujua upi ulitangulia, tafuta plasta. Ikiwa plasta ya ukuta A inaendelea nyuma ya mahali ukuta B unapougusa, basi A ulikuwa umesimama tayari, umepigwa plasta, ndipo B ukaja kuuegemea. Dirisha lililozibwa huonekana kwa linta (boriti ya juu ya dirisha) au tao lililobaki ndani ya ukuta bila kazi. Ukiona dirisha limekata ukanda wa mapambo, dirisha ni la baadaye.

Kisha angalia vifaa, kwa sababu kifaa huweka mpaka wa kile fundi anachoweza kufanya. Chukua nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana ukiwa mara nyingi kati ya mita 2.5 na 3, hata katika nyumba za matajiri. Sababu iko darini: sakafu ya juu, nzito kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kubeba uzito huo kwenye nafasi pana zaidi ya hapo. Chumba kingeweza kurefushwa kadiri mwenye nyumba alivyotaka, lakini si kupanuliwa. Kwa hiyo ukikuta katika nyumba ya aina hiyo chumba chenye upana wa mita 4.5, usikimbilie kusifu ukubwa wake. Angalia dari: kuna chuma, kuna mbao za aina nyingine, au kuna ukuta uliobomolewa katikati. Kila utamaduni wa ujenzi una kipimo chake cha namna hii, na kukigundua mapema kunaokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Andika kila unachokiona kama maelezo, si kama hitimisho. "Kiungo wima, mita 3.2 kutoka kona ya kaskazini, kinaonekana kutoka sakafu hadi kimo cha mita 2.1" ni maelezo. "Ubawa ulioongezwa" ni hitimisho, na nafasi yake ni safu nyingine ya daftari.

Kupima jengo

Vifaa: tepu ya mita 30 na ya mita 5, mita ya leza, timazi, pimamaji, kamba, misumari, ubao wa kuandikia, karatasi za A3 na penseli ngumu. Watu watatu ndio idadi nzuri. Wawili wanashika tepu. Wa tatu anaandika, na kila kipimo anakirudia kwa sauti kabla ya kukiandika.

Chora kwanza kwa mkono ramani ya kila sakafu, ukubwa wa kujaza karatasi, kabla ya kupima chochote. Mchoro mdogo hukosa nafasi ya tarakimu, na tarakimu zilizobanana ndizo chanzo cha makosa mengi yanayogundulika ukiwa umeshaondoka.

Pima kwa mfululizo. Funga mwanzo wa tepu kwenye kona moja, usiusogeze, kisha soma kila ukingo wa mlango na dirisha ukielekea mwisho wa ukuta: 0, 1.24, 2.16, 3.87 na kuendelea. Ukipima kila kipande peke yake na kuvijumlisha, kosa la milimita 5 kwa kila kipande kwenye vipande 12 linaweza kufika sentimita 6 makosa yote yakielekea upande mmoja. Kwa mfululizo, kosa la msomo mmoja linabaki kwenye msomo huo.

Usiamini kona yoyote kuwa ya nyuzi 90. Pima mishazari yote miwili ya kila chumba. Mishazari isiyolingana inakuambia chumba kimepinda, na ndiyo inayokuwezesha kukichora kama kilivyo. Majengo mengi ya zamani yamepinda, na mpindo huo ni habari: huenda ukuta ulifuata mpaka wa kiwanja cha zamani, au ulikutana na jengo lililokuwepo.

Unene wa ukuta pima kwenye mlango na dirisha, ukitoa plasta pale inapoonekana. Kisha jumlisha vyumba na kuta na ulinganishe na urefu wa nje. Kwenye mita 20, tofauti ya sentimita 2 au 3 inavumilika. Ikizidi hapo, au umekosea, au kuna kitu ndani ya ukuta: bomba la moshi, ngazi iliyozibwa, ukuta wa pili uliofunika wa kwanza. Usiigawe tofauti hiyo kwenye vyumba ili mchoro ufunge. Rudi ukapime.

Kwa vimo, weka mstari mmoja wa usawa kuzunguka jengo zima, kisha pima juu na chini kutoka hapo. Bomba jembamba la mpira linalopitisha mwanga, lililojazwa maji, linatosha kabisa, mradi utoe mapovu yote ya hewa. Povu moja likibaki, pande mbili hazitalingana, na hutajua hadi sakafu ya pili ianze kuonekana inateremka.

Mambo yanayoharibu kazi mara kwa mara: ndoano ya tepu iliyolegea, leza inayogonga samani badala ya ukuta, tepu ndefu inayolegea katikati, na 6 inayosomwa 9 na mtu aliyeshika tepu juu chini. Kuhusu usahihi, fikiria skeli ya mwisho. Kwenye 1:50, mstari wa penseli wenye upana wa milimita 0.2 ni sentimita 1 ya jengo, kwa hiyo ramani haihitaji milimita. Nakshi za mlango zinazochorwa 1:5 zinazihitaji.

Picha za kuunda umbo la pande tatu kwa kompyuta zipigwe siku ya mawingu, kila picha ikiingiliana na inayofuata kwa asilimia 60 hadi 80, na fimbo ya kipimo iwemo kwenye picha kadhaa. Bila fimbo utapata umbo zuri lisilo na ukubwa. Mbinu hii haichukui nafasi ya kupima kwa mkono: anayeshika tepu hugusa kila kiungo, na mengi hugunduliwa kwa kugusa.

Ardhi inasomwa kwa namna yake

Hapa ndipo watafiti waliofundishwa majengo tu huteleza. Ukuta wa mwaka 1700 ukiuona leo, kwa kiasi kikubwa ni uleule. Mti uliopandwa mwaka 1700 haukuwa na umbo unaloliona, na pengine uliopo ni wa tatu kusimama mahali pale. Bustani ni mpango pamoja na miaka iliyopita juu yake.

Tembea alfajiri au jua linapokaribia kutua. Mwanga wa pembeni hutoa vivuli kwenye matuta ya sentimita 10 ambayo adhuhuri hayaonekani kabisa. Wakati wa ukame angalia rangi ya nyasi: juu ya msingi wa ukuta uliofukiwa udongo ni mwembamba, hivyo nyasi hukauka mapema, juu ya mfereji uliojazwa udongo ni mwingi na unyevu hukaa, hivyo nyasi hubaki kijani. Picha ya droni ya wiki mbili za ukame inaweza kukuonyesha ramani nzima ya bustani iliyofutwa. Ukipata data za kupima ardhi kwa leza kutoka angani, tengeneza vivuli kutoka pande nne au zaidi, kwa kuwa tuta lililolala sambamba na mwelekeo wa mwanga halitoi kivuli.

Miti iorodheshwe mmojammoja: aina, mahali, mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na idadi ya mashina. Usigeuze mzunguko kuwa umri kwa kutumia fomula ya jumla. Mti uliobanwa na wenzake na mti uliosimama peke yake wenye maji ya kutosha huweza kuwa na umri mmoja na unene tofauti kabisa. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio: nafasi sawa kati ya mti na mti, na mapengo yanayoonyesha palipokuwa na iliyokufa.

Maji yafuate kutoka chanzo. Pima kimo cha chanzo, cha kila birika na cha kila mdomo wa chemchemi. Pasipo pampu, maji hayawezi kuruka juu kuliko usawa wa chanzo chake, na kwa hesabu hiyo moja unaweza kupima ukweli wa michoro mingi ya kale iliyotia chumvi. Villa d'Este, kasri lenye bustani huko Tivoli, Italia, iliyobuniwa na Pirro Ligorio katika karne ya 16, iliendesha chemchemi zake zote kwa mteremko tu, maji yakiletwa kutoka mto Aniene. Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, haikuwa na bahati hiyo. Hata baada ya mtambo wa Marly, uliokamilika mwaka 1684, kupandisha maji ya mto Seine zaidi ya mita 150, hayakutosha kuendesha kila chemchemi kwa wakati mmoja. Zilifunguliwa kwa zamu mfalme alipokaribia na kufungwa alipopita. Mtafiti anayejua hilo ataacha kuisoma bustani hiyo ya mbunifu Le Nôtre kama picha ya kutazamwa kutoka dirishani, na ataanza kuuliza mtu alipita wapi, kwa mpangilio gani.

Kuchimba ni kazi ya wanaakiolojia wenye kibali, lakini mtafiti wa nyaraka ndiye anayewaambia wachimbe wapi. Huko Pompeii, mizizi iliyooza baada ya mlipuko wa volkano wa mwaka 79 iliacha matundu ardhini. Wilhelmina Jashemski na wenzake waliyasafisha, wakayamiminia saruji, na umbo la kila mzizi likatoka. Bustani zilizodhaniwa za maua tu zikaonekana kuwa na mizabibu na miti ya matunda. Na upande wa pili wa mto Yamuna, mkabala na Taj Mahal, kaburi la marumaru nyeupe nchini India, hadithi ya Taj nyeusi ambayo haikukamilika ilivuma tangu msafiri Jean-Baptiste Tavernier aliposimulia katika karne ya 17. Uchunguzi wa miaka ya 1990 katika Mahtab Bagh haukukuta msingi wa kaburi jeusi. Ulikuta bustani yenye birika kubwa la pembe nane, ambalo Taj nyeupe ingeonekana ndani yake.

Nyaraka na ramani

Anza na za karibuni, rudi nyuma. Ramani ya leo inaeleweka, ya miaka 50 iliyopita inafanana nayo kwa kiasi, na kila hatua inakupa alama za kukushikiza kwenye ile iliyotangulia. Anayeanza na ramani kongwe hutumia siku nzima kukisia kaskazini ni wapi.

Unapoweka ramani ya zamani juu ya ile ya sasa kwenye programu kama QGIS, chagua alama zisizohama: kona za majengo ya mawe, nguzo za daraja, makutano ya kuta za mipaka. Kingo za mito na barabara zinahama. Zitawanye alama kwenye karatasi nzima, zikiwemo pembe zote nne. Idadi iwe angalau 8 hadi 10. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: mbinu rahisi ya kunyoosha ramani inahitaji alama tatu, na ukiipa tatu tu programu itakuonyesha kosa la sifuri. Sifuri hiyo haithibitishi chochote, kwani alama tatu lazima zilingane. Hali ni hiyohiyo kwa mbinu zinazovuta karatasi kama mpira ili ipite kwenye kila alama. Weka kando alama mbili au tatu usizozitumia kunyoosha, kisha pima zimekosea kwa mita ngapi. Tarakimu hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Tazama vipimo. Futi ya kifalme ya Ufaransa ilikuwa sentimita 32.48, ya Kiingereza 30.48. Jengo la futi 100 za Kifaransa likisomwa kwa futi za Kiingereza linapoteza mita 2. Tazama kalenda vilevile: Uingereza iliuanza mwaka tarehe 25 Machi hadi mwaka 1752 ulipohamishiwa Januari, kwa hiyo barua iliyoandikwa huko "10 Februari 1720" kwa hesabu yetu ni ya 1721. Mtafiti asiyejua hilo anaweza kuandika kwamba fundi alilipwa mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa.

Mchoro wa mbunifu unathibitisha kwamba mtu alifikiria jambo, si kwamba lilifanyika. Humphry Repton, mbunifu wa bustani wa Uingereza, aliwaandalia wateja wake vitabu vyenye picha za rangi na vipande vya kufunua, ardhi ikionekana kabla na baada ya kazi. Ni vitabu vya kushawishi, na mapendekezo mengi yaliishia humo. Ushahidi mzito zaidi uko kwenye hesabu za malipo: mzigo wa chokaa, siku za kazi za waashi, miche iliyonunuliwa kwa aina na idadi. Hata hapo kuwa mwangalifu. Miche 400 iliyonunuliwa si miti 400 iliyopona.

Kisha uliza ramani imefuta nini. Mpango wa Olmsted na Vaux uliochaguliwa mwaka 1858 kwa ajili ya Central Park, New York, unaonyesha maziwa, njia na malisho. Hauonyeshi Seneca Village, makazi ya watu weusi wengi wao wakiwa na ardhi yao wenyewe, yenye makanisa na shule, ambayo wakazi wake waliondolewa mwaka 1857. Makazi hayo yamo kwenye sensa, kwenye ramani za kutwaa ardhi, na ardhini, kama uchimbaji wa mwaka 2011 ulivyoonyesha. Kila bustani kubwa iliyotafitiwa kwa mchoro wa mbunifu peke yake ina pengo la namna hii linalosubiri mtu aulize nani alikuwepo.

Yote haya yaingie kwenye jedwali moja, safu saba: dai, chanzo, ukurasa au namba ya faili, maneno yenyewe ya chanzo, lini kilitengenezwa, na nani kwa ajili ya nani, na kinapingana na kipi. Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Jedwali ambalo safu hiyo ni tupu limejazwa na mtu aliyeacha kutafuta mapema.

Tarehe za maabara

Pete za miti hutoa mwaka kamili wa kukatwa mti ikiwa tu pete ya nje iliyo chini ya gome bado ipo. Boriti ikishachongwa, maabara itakupa mwaka ambao mti ulikuwa bado hai, na kilichofuata hakijulikani. Sampuli yenye pete chini ya 50 mara nyingi haifai, na miti mingi ya kitropiki haina pete za mwaka zilizo wazi. Mbao pia hutumika upya, hivyo chukua sampuli kadhaa kutoka sehemu tofauti za paa. Kaboni 14, kipimo cha umri wa mabaki ya vilivyokuwa hai, haisaidii sana kwa majengo ya baada ya mwaka 1650 hivi: kipimo kimoja huangukia vipindi kadhaa tofauti ndani ya karne tatu.

Na tabaka zikiondolewa, maabara haina la kufanya. Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe nchini Zimbabwe, ilipoteza kiasi kikubwa cha tabaka zake kati ya 1902 na 1904, Richard Hall alipozoa udongo wa makazi ya Waafrika akiuona kuwa uchafu unaoficha kazi ya wageni. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, kwa kutumia tabaka alizoziacha. Kisa hiki kinastahili kipindi kizima darasani, kwa sababu kinaonyesha jinsi dhana ya mtafiti inavyoharibu ushahidi wa kuipinga.

Darasani

Muhula wa wiki 12 uwe na kazi 8 hadi 10, si 60. Orodha ndefu ya picha huzaa mwanafunzi anayetambua majengo kwa sura, kama stempu, bila kuweza kueleza hata moja linasimamaje. Kazi hizo zisipangwe kwa karne na mitindo tu. Panga baadhi kwa tatizo moja. Maji, kwa mfano: mifereji ya mawe ya bustani ya mfalme Koreshi wa Uajemi huko Pasargadae katika karne ya 6 KK, chemchemi za Sigiriya, Sri Lanka, za karne ya 5 BK ambazo hadi leo hufanya kazi msimu wa mvua, Alhambra nchini Hispania, Villa d'Este, Versailles. Wanafunzi wachore mkato (mchoro wa kitu kana kwamba kimekatwa wima) wa kila moja kwa skeli moja, mstari wa maji ukiwa wa buluu. Mteremko unaanza kueleza kwa nini bustani moja ina ngazi na nyingine ina mfereji tulivu.

Kipindi cha dakika 90 kinaweza kwenda hivi. Dakika 10 za kwanza, ramani ya sakafu peke yake ubaoni, bila jina, bila picha. Kila mmoja aandike anaingilia wapi na anaona nini. Dakika 25 za kuchora mkato kwa kukisia kutoka kwenye ramani. Ndipo uonyeshe mkato halisi, na darasa lijadili wapi walikosea na kwa nini. Dakika 30 za pakiti ya ushahidi, watu wanne kwa kundi: vipande vitano, kimoja kikiwa cha kupotosha, kama lile andiko la Pantheon. Muda unaobaki ni wa kila kundi kutetea tarehe yake. Jina la jengo lije mwishoni. Likija mwanzoni, simu zitatoka mifukoni na mjadala utakuwa umekufa.

Picha ubaoni huua ukubwa: hekalu na kibanda vyote vinajaa ukuta uleule. Dawa ni kamba. Nenda uwanjani, chomeka kigingi, funga kamba ya mita 21.65, zungusha duara. Huo ni upana wa ndani wa Pantheon, mita 43.3, na kimo hadi kilele cha kuba ni hichohicho. Wanafunzi wasimame kwenye duara, kisha mmoja asimame katikati na kuongea kwa sauti ya kawaida. Inachukua dakika 15, na maswali yanayotoka hapo ni tofauti kabisa na ya darasani.

Kwa mandhari, lazima muda uonekane. Wape mkato wa njia yenye miti pande mbili, wauchore mara tatu: siku ya kupandwa, baada ya miaka 30, baada ya miaka 100. Wataona kwamba aliyebuni hakuwahi kuiona kazi yake ikiwa kamili, na kwamba picha ya leo si ushahidi wa nia yake. Ukifundisha urejeshaji, Privy Garden ya kasri la Hampton Court, Uingereza, ni mfano mzuri: ilirejeshwa mwaka 1995 kwenye hali yake ya 1702 kwa msaada wa uchimbaji na hesabu za zamani, na ili hilo lifanyike miti mikubwa iliyokuwa imeota baadaye ilibidi iondolewe. Waulize wangefanya nini, na wadai sababu.

Swali la umri wa jengo nalo lipewe nafasi. Hagia Sophia jijini Istanbul ilijengwa kati ya 532 na 537, kuba lake likaanguka mwaka 558, lililofuata likakamilika 562. Hekalu la Ise nchini Japani hujengwa upya kila miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, kwa umbo lake la sasa, ni wa mwaka 1907, na hupakwa udongo upya na wakazi wenyewe kila mwaka. Mwanafunzi akiambiwa aandike "mwaka wa kujengwa" wa kila kimoja, acha ahangaike. Jibu linalofaa ni orodha ya tarehe, kila moja ikiwa na sehemu ya jengo inayohusika.

Katika kusahihisha, gawa alama hivi: 40 kwa jedwali la ushahidi, 30 kwa michoro iliyopimwa, 30 kwa insha ya maneno 2,000. Ukiipa insha alama nyingi zaidi, utapata nathari nzuri isiyo na kitu chini yake. Jedwali likaguliwe kwa kuchagua madai matatu bila mpangilio na kuyafuata hadi kwenye chanzo. Dai moja lisipofika, mwanafunzi arudishiwe kazi yote aikague mwenyewe, si hilo dai peke yake. Na kwenye mtihani wa mwisho, badala ya kuuliza majina na miaka, weka mezani ramani ya jengo ambalo hawajawahi kuliona, picha mbili za viungo vya kuta na ukurasa mmoja wa malipo. Waulize: ni sehemu ipi ilitangulia, unajuaje, na ni ushahidi gani ungekufanya ubadili jibu lako?